Mshika Vibao wa Madame Castaubert

Mwezi uliopita nilirudisha funguo. Fundi wa vinanda vya mabomba hubeba funguo nyingi kuliko mlinzi wa benki: za milango ya nyuma ya makanisa, za vyumba vya mashine za upepo, za ngazi zilizofichwa nyuma ya madhabahu ambazo hata mapadri wamezisahau. Nilizitandaza mezani pale karakanani, nikaanza kuzifungia vikaratasi vya majina, na nyinyi vijana mnaobaki mkaniuliza nitafanya nini sasa. Nikasema nitalala. Mkacheka. Halafu mmoja wenu akasema, "Mama Neema, andika basi. Ukilala utasahau."

Basi naandika. Habari za vyeo nitaziruka, maana kazi yetu ina vyeo viwili tu, anayepanda na anayebaki chini. Mshahara mnaujua kwa kuliangalia gari langu. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na juu ya Madame Perrine Castaubert, Mfaransa, mtunzi na mpiga kinanda, aliyenifundisha kusikia. Hayupo tena. Nyinyi mnamjua kwa jina lililochapwa juu ya karatasi za muziki. Mimi nilimjua akiwa na vumbi kwenye nywele.

Nilifika Houston kutoka Bukavu, kwa njia ndefu yenye kambi ya wakimbizi katikati. Tulipewa nyumba mtaa wa Gulfton, kwenye yale majengo ambamo ukikaanga kitunguu jirani wa juu anakuja kuuliza kinaiva saa ngapi. Nilianzia ghalani, kufunga maboksi ya vitu ambavyo sikujua ni vya nini. Kisha nikapata kazi ya usafi kwenye kanisa moja la Wakatoliki, mwendo wa basi moja kutoka nyumbani.

Siku ya kwanza pale nilikuwa napiga deki karibu na madhabahu niliposikia mwanamke akitukana kutoka ndani ya ukuta. Alitukana kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayesali rozari. Kanisa lilikuwa tupu. Alikuwepo mzee mmoja tu wa kujitolea, ameketi kwenye kinanda, kidevu kimemwangukia kifuani, kidole kimelalia kibao ambacho wala hakikuwa kinatakiwa.

"Madame, amelala," niliujibu ukuta kwa Kifaransa.

Ukanyamaza. Kisha ukauliza, "Wewe ni nani?"

"Msafishaji."

"Unajua kuhesabu kwenda upande wa kulia?"

"Najua."

"Unajua kukaa kimya?"

"Nimetoka kambini, Madame. Nimepanga foleni za maji."

Ukuta ukacheka. Kimlango kikafunguka kando ya mabomba, akatoka mama mfupi wa Kizungu, mvi zimemtimka, ameshika fimbo nyembamba ya chuma kama mganga. Akamwamsha yule mzee kwa adabu kubwa, akamshukuru, akampeleka nje kwenye jua. Mimi akanikalisha mahali pake.

Kwa asiyejua, kazi ya kupatanisha sauti za kinanda cha mabomba ni ya watu wawili. Mmoja huingia ndani ya chumba cha mabomba na kugusa kila moja mpaka sauti yake ikubaliane na wenzake. Mwingine hukaa nje, mbele ya vibao vyeupe na vyeusi, anakibonyeza kimoja, anakishikilia mpaka asikie "endelea", kisha kinachofuata. Haongei wala hakuni pua. Akisahau alipofika, wote wawili wanarudi mwanzo. Huyo ndiye mshika vibao. Ni kazi ya kuwepo tu, na ndiyo maana watu wengi hawaiwezi.

Siku ile nilisikia kitu ambacho sikuwahi kuambiwa kwamba kipo. Mabomba mawili yakikaribiana bila kupatana, kati yao hutokea wimbi: wa, wa, wa. Fundi akigusa moja, wimbi linapungua kasi. Waaa. Waaaa. Mpaka linalala, kama maji ya beseni baada ya kutoa mkono. Nililisikia likilala, na mabega yangu, ambayo nadhani nilikuwa nimeyainua tangu Bukavu, yakashuka yenyewe.

Madame alitoa kichwa kwenye kimlango. "Umesikia?"

"Limelala."

Juma lile lile alinipeleka kwenye karakana ya Mzee Hollis, yule mwenye karakana mliyemkuta mwishoni mwishoni, akamwambia kwa Kiingereza chake cha mawe, "Huyu anasikia. Mengine mfundishe." Mzee Hollis alinitazama viatu. Akasema mafundi wa vinanda hawavai kandambili. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Nilijifunza kushona ngozi za vali, kusugua madoa ya kutu, kupanda ngazi nikiwa nimeng'ata tochi. Nilijifunza kwamba adui wa kinanda huku Texas ni kiyoyozi: makanisa huzima Jumatatu kuokoa umeme na kuwasha Jumamosi, na kati ya siku hizo mabomba hupanda na kushuka kama watu wenye homa. Nilijifunza kuchungulia ndani ya kila bomba kabla ya kulilaumu, kwa sababu nyigu wa udongo hupenda sana kujenga kwenye midomo yake. Kanisa moja kule Katy lilishalipa washauri wawili wa sauti kabla ya mimi kutoa kiota kwa mshikio wa kijiko. Tangu hapo kijiko hakitoki mfukoni mwangu, na msinicheke.

Kila mara kulipokuwa na kazi Dallas, Madame aliomba kupanda gari letu. Houston mpaka Dallas ni barabara moja ndefu iliyonyooka, ng'ombe huku, mabango ya mawakili huku, na humo ndimo nilimopata habari za maisha yake, vipande vipande, huku akimenya machungwa na kutupa maganda kwenye kofia yangu.

Alizaliwa kwenye mji mdogo wa milimani, katikati ya Ufaransa. Kinanda cha kanisa lao kilikaa mahali pa baridi kiasi kwamba wapigaji wazima walikikimbia, na padri akabaki na msichana mmoja tu aliyekuwa tayari kupiga akiwa amevaa soksi mbili na glavu zilizokatwa vidole. Huyo alikuwa yeye. Akaenda Paris kusoma. Mwalimu wake alimpenda, akamwambia kwa upole kwamba kinanda kikubwa cha nyuma ni cha wanaume, na kwamba mwanamke mwenye kipaji anaweza kupata heshima nzuri kwenye kinanda kidogo cha mbele, cha kuisindikiza kwaya. "Aliniambia kwa upole," alirudia Madame, "ndiyo maana ilinichukua muda kukasirika."

Akaolewa na mhandisi wa mafuta, akaja naye Houston. Mume akafa. Ndugu zake wakamwandikia arudi nyumbani. Hakurudi. "Kule ningekuwa mjane aliyewahi kupiga. Hapa hawanijui. Hapa napiga tu."

Na alitunga. Hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu mnapiga simu makanisani kuuliza kwa nini muziki wake una mapengo ya ajabu, na mwingine wenu aliwahi kuyaita makosa ya uchapaji. Madame Castaubert hakuwahi kutunga kwa ajili ya kinanda cha ndotoni. Kila kipande alikitunga kwa ajili ya kinanda kimoja, kilicho mahali fulani, pamoja na magonjwa yake yote. Kabla ya kuandika alikuja nami siku ya kupatanisha, akaketi kwenye benchi la mbele, akasikiliza kila bomba peke yake, la kwanza hadi la mwisho, kazi inayowapa watu usingizi. Aliandika baadaye, akijua ni bomba lipi linakohoa, lipi linachelewa, lipi halisemi kabisa.

Mwanzoni wachapishaji walimrudishia. Nani atanunua muziki wa kinanda kimoja? Alinionyesha barua moja, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. "Fundi cherehani hashoni nguo ya mtu ambaye hajamwona mabega," alisema.

Nakumbuka kanisa moja la Wakenya pale Dallas. Walinunua jengo kuukuu, na kinanda kikawajia kama paka anavyokuja na nyumba. Wao walikuwa na kibodi yao ya umeme, ngoma, na gitaa mbili, wala hawakumhitaji mgeni huyo wa ukutani ambaye nusu ya noti zake zilikuwa zimekufa. Mtunza jengo, Bwana Kamau, dereva wa malori siku nyingine zote, alitufungulia.

"Hiyo kitu imenyamaza tangu tununue hii place," alisema. "Wacheni tu ilale."

Madame aliniambia nishike vibao vyote, vilivyo hai na vilivyokufa. Nilivishika. Alasiri nzima. Kibao kinasema, vitatu vinanyamaza, kimoja kinapiga mluzi. Aliporudi baada ya muda alikuwa na kipande kilichopita katikati ya noti zile zilizobaki kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Bwana Kamau alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, funguo mkononi. Kilipokwisha alikohoa. "Sasa mama, na si afadhali mngetengeneza kwanza, ndio huyu mzungu atunge?"

Nikatafsiri. Madame akamgeukia. "Muulize kama alioa mwanamke asiye na kasoro."

Nikatafsiri tena. Bwana Kamau akaangalia upande wa jikoni, ambako akina mama walikuwa wanaosha sufuria. "Mwambie hapo sijibu. Mke wangu yuko karibu."

Walicheka wote wawili bila kusubiri tafsiri. Jumapili iliyofuata, naambiwa, mpiga ngoma wao alimwomba Madame akirudie kile kipande, naye akaketi chini, vijiti mapajani, asipige kitu.

Miaka ikaenda. Magoti ya Madame yalikataa ngazi, tukabadilishana: mimi ndani, yeye kwenye vibao. Alikuwa mshika vibao mbaya mwanzoni, kwa sababu vidole vyake vilitaka kwenda mahali. Nilikuwa nikipiga kelele kutoka ndani, "Madame, huo ni wimbo!" naye anarudi kwenye noti yake kama mtoto aliyefumaniwa akiiba sukari. Baadaye alijifunza kunyamaza kuliko sisi sote.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekwisha kuja kukaa nasi Gulfton. Nyinyi mlimwita Koko, yaani bibi, kama Neema binti yangu alivyomwita. Kazi yangu aliiona ni ya ajabu. "Watoto ya wengine beko banauguza wagonjwa," alikuwa akiwaambia wageni. "Wangu iko nauguza mabomba."

Na Madame alikuwa mgeni wake wa Jumamosi. Walikaa meza moja, sombe, yaani kisamvu, na bugali katikati, bila lugha ya pamoja, wakisimuliana kwa mikono habari za waume zao marehemu. Madame aliokota Kiswahili kidogo pale mezani: kula, ongeza, nimeshiba, kaa.

Kuna Jumamosi moja Mama alirudi kutoka mazikoni akiwa kimya. Jirani yetu, mwanamume aliyefanya kazi ghalani, alikuwa amefariki. Kwenye maziko wenzake walikuja na vitambulisho vya kazi shingoni, wakasimama, wakaimba kidogo, wakatazama saa, wakarudi zamu. Mkewe mwenyewe siku iliyofuata alikuwa kwenye mashine yake kazini.

"Wamemuzika kama vile mutu napeleka gari kuosha," Mama alisema. Akasogeza sahani. "Sikiliza, Nabintu." Jina langu la nyumbani alilitumia mara chache. "Siogopi kufa hapa. Udongo ni udongo. Ninachoogopa ni kufa mahali ambapo hakuna mutu wa kukaa chini juu yangu. Siku yangu ikifika, usifanye kazi. Hata kijiko usioshe. Ukae chini, mupaka kilio kiondolewe."

"Nitakaa, Mama."

"Usiniambie tu. Wewe miguu yako inakimbilia kazi kabla ya kichwa kujua."

"Nitakaa."

Madame aliuliza tunasema nini. Nikamweleza kwamba kwetu mfiwa hafanyi kazi. Anaketi chini, kwenye mkeka, na watu wanakuja kuketi naye, wanampikia, wanamfulia, mpaka siku ya kuondoa matanga. Kuinuka kabla ya siku hiyo ukashika chombo cha kazi ni kumwambia marehemu kwamba hakuwa mzito. Madame alifikiri. "Na kama nyumba inaungua?" aliuliza.

Nikamtafsiria Mama. "Majirani watazima," alisema Mama. "Ndiyo kazi ya majirani."

Mama alifariki mwanzoni mwa majira ya joto, mchana, akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nitawaambia hayo tu.

Misa ya mazishi ilikuwa kwenye kanisa lile lile nililoanza kwa kupiga deki. Gulfton nzima ilikuja. Kwaya ya Wakongo ilisimama upande wa kushoto, mbele yao Papa Déo, kiongozi wao, fundi wa magari ambaye mikono yake huimbisha watu kama vile anafungua nati. Madame alikuwa kwenye kinanda. Mimi nilikaa benchi la kwanza kati ya mama mdogo Faida, mdogo wake Mama, na Neema. Mzee Hollis alikuwa nyuma yetu na suti ambayo sikujua anayo.

Jeneza lilipowekwa mbele na kwaya ikamaliza wimbo wa kuingilia, Madame aliinua mikono na miguu. Kinanda hakikunyamaza. Noti moja ya chini, nzito, ya yale mabomba makubwa ya mbao yanayopigwa kwa kukanyaga vibao vya miguuni, iliendelea kulia peke yake.

Nyinyi mnajua maana yake. Kwa wengine nieleze: kwenye mabomba yale kila moja lina vali yake, kifuniko kidogo kinachofungulia upepo, na vali ikikwama wazi bomba linalia bila mtu kulipiga. Urudishe vishikio vyote vya kuchagulia sauti, bado linalia. Dawa ni mbili. Fundi apande akaiguse vali, au uzime upepo, na ukizima upepo kinanda chote kinakufa. Na sheria ya karakana yetu mnaijua pia, Mzee Hollis aliipaka rangi ukutani: aliye karibu na ngazi ndiye anayepanda. Ngazi ilikuwa nyuma ya nguzo iliyokuwa mkono wangu wa kulia. Mzee Hollis magoti yake yalikuwa ya chuma tayari. Hapakuwa na fundi mwingine.

Padri alingoja. Noti ikalia. Watu walianza kugeuka, na waliponiona wakatulia, kwa sababu kila mtu pale alijua kazi yangu. Hawakunitazama kwa ubaya. Walinitazama kama unavyomtazama daktari mtu anapoanguka kwenye basi.

Papa Déo alikuja akiwa ameinama, akachuchumaa mbele ya benchi. "Mama Neema, pole sana. Orgue yako iko nalia."

"Nasikia, Papa."

"Tufanye nini?"

Miguu yangu ilikuwa imeshaondoka. Nasema kweli, nilikuta kisigino kimeinuka na uzito wangu uko mbele. Mkono ulikuwa mfukoni, unatafuta tochi kwenye nguo ya msiba isiyo na tochi. Nilijua ni vali ipi. Nilijua hata harufu ya pale ilipo.

Mama mdogo Faida alinishika kifundo cha mkono. Hakunivuta. "Kaa," alisema.

"Mama mdogo, watu wanangoja."

"Mama yako naye anangoja."

Neema akaninong'oneza kutoka upande mwingine, "Mama, ni sawa, go. Koko hata-mind."

"Koko atamaindi sana," alisema mama mdogo Faida, na mahali pengine ningecheka.

Nikageuza kichwa nimtafute Madame. Kutoka benchi lile unamwona kwenye kile kioo kidogo wapiga kinanda wanachotumia kumwangalia padri. Alikuwa ananitazama tayari. Kitufe cha kuzima upepo kiko chini ya mkono wake wa kulia, na niliuona mkono ule ukishuka kuelekea pale. Ungefika, pangekuwa na kimya, na Mama angezikwa bila kinanda, lakini mimi ningekaa. Nilikuwa tayari kwa hilo.

Mkono ulisimama. Madame aliinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akifanya miaka yote kwenye benchi la mbele siku za kupatanisha. Alikuwa anasikiliza lile bomba.

Kisha akaweka noti moja juu yake. Ndogo, ya filimbi, mbali sana juu. Ikakaa. Akaongeza nyingine, na kati yao nikasikia wimbi, wa, wa, wa, maana lile bomba la chini lilikuwa limepanda kidogo kwa joto. Naye hakulikimbia lile wimbi, aliliacha liende kama kifua cha mtu anayelia kimya. Akajenga polepole. Kila alichoongeza kilisimama juu ya noti ile iliyokwama, mpaka haikuwa imekwama tena. Ilikuwa sakafu.

Wimbo uliofuata kwaya ilikuwa imezoea kuuanzia kwenye noti nyingine, ya juu zaidi. Papa Déo, bado amechuchumaa mbele yangu, alikunja uso, akausikia mlango Madame aliomfungulia, akainuka. Kwaya zetu hazisomi karatasi. Zinashika kwa sikio, na kwa sababu hiyo unaweza kuzihamisha kama kitanda. Aliinua mkono, akavuma sauti mpya kwa mdomo uliofungwa, sauti nne zikamfuata. Akina mama wa nyuma, ambao hawakuwa kwenye kwaya yoyote, walishika ile noti ya chini vifuani mwao. Iliendelea chini ya masomo, chini ya mahubiri, chini ya uvumba. Padri alilazimika kuongea polepole kuliko kawaida yake, na ilimfaa.

Kisigino changu kilirudi sakafuni. Nikakaa. Nilimlilia mama yangu nikiwa binti yake tu, bila kazi nyingine.

Nyumbani tuliondoa viti, tukatandika mikeka. Watu walikuja na kutoka. Madame alikuja kila siku, alivua viatu mlangoni, akashuka chini kwa hatua nyingi, akiugulia kwa Kifaransa, akaegemea ukuta miguu imenyooka mbele. Akina mama walimletea kiti. Akakikataa kwa Kiswahili, "Nimeshiba," na hakuna aliyemsahihisha.

Wakati huo kanisani hawakuweza kutumia kinanda, kwa kuwa ukiwasha upepo tu bomba linaanza kulia. Waliimba kavu. Wambui, karani wa parokia, Mkenya mwenye moyo mzuri, alinipigia simu. "Mama Neema, pole tena, aki. Lakini father anauliza. Ni ten minutes tu. Unaingia, unatoka, hata hutaonekana."

Mama mdogo Faida alikuwa karibu. "Mwambie apande yeye mwenyewe na vile viatu vyake virefu."

"Nimesikia hiyo," alisema Wambui.

Mzee Hollis alijitolea kumleta fundi kutoka Dallas. Madame alikataa. Padri alimwambia kwamba parokia haiwezi kukaa bila kinanda kwa sababu ya mila za familia moja. Madame akamjibu kwamba kwa miaka yote aliyowapigia hajawahi kuwaomba kitu, na sasa anaomba kimya. Padri alikuwa mtu wa haki. Aliuma mdomo, akampa.

Siku ya kuondoa matanga tulifua, tukafagia, tukala, watu wakacheka kwa mara ya kwanza, mikeka ikakunjwa. Kesho yake asubuhi nilichukua begi langu la vifaa, nikamkuta Madame ananisubiri kanisani, viatu vyake vya kupigia kinanda miguuni.

"Umeiandika?" nilimwuliza. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo mkekani.

"Nini?"

"Ile ya siku ya Mama."

Alinitazama kama vile sikuwahi kufanya naye kazi. "Ya kinanda gani? Unakwenda kukiponya sasa hivi. Kikishapona, kile cha siku ile hakipo." Kisha akanisukuma kidogo kuelekea ngazini. "Nenda. Nilipiga, wakasikia."

Nilipanda. Akawasha upepo, na noti ile ikaanza. Ndani ya chumba cha mabomba ilikuwa kubwa kuliko nilivyokumbuka, ilinitetemesha meno. Nilipita kiubavu, nikapiga magoti, nikafungua kifuniko. Kipande cha ngozi kuukuu, chembamba kama ganda la kitunguu, kilikuwa kimejikunja kikaizuia vali isifunge. Nikakichomoa kwa kucha. Bomba likanyamaza.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hivyo.

Nilibaki nimepiga magoti. Kanisa lote lilikuwa limetulia. Chini, nje ya ukuta, mshika vibao wangu, ambaye kwa sheria ya kazi haongei, aliongea, kwa Kiswahili chake cha mezani:

"Tumemaliza kukaa?"

Nilijifuta uso na mkono wa shati. "Tumemaliza, Madame."

Akakanyaga noti inayofuata.